Mawe Niliyoyaosha

Jumatatu, 4 Novemba
Yule binti wa duka la samaki wa mapambo ameniambia nianze daftari. Kila siku niandike joto, chumvi na rangi ya kipimo cha maji. Mimi niliyekagua vyuma kiwandani miaka arobaini na moja, niliyerudisha kazi za watu kwa kosa jembamba kuliko unywele, nafundishwa kuandika vipimo na msichana mwenye pete puani. Haya. Daftari nimenunua, na kwa kuwa kurasa ni nyingi nitaandika na mengine, maana humu ndani hakuna tena mtu wa kumwambia.

Tangi ni la lita sitini, la maji ya chumvi. Nimeliweka sebuleni kando ya cherehani ya Hiltrud. Hiltrud ni mke wangu, ndoa ya miaka thelathini na minane. Aliondoka Mei. Hatukugombana. Alikuwa anakula mkate, mimi nikainua sahani yake nipanguse makombo yaliyokuwa chini, kama ninavyofanya siku zote, naye akauweka mkate mezani akasema, "Eberhard, kwako hakuna kinachoruhusiwa kuishi." Kesho yake alikuwa mjini Ulm kwa dada yake.

Sasa ameandika kwamba tarehe 22 Februari atakuja na shemeji yake Volkmar kuchukua cherehani. Ndicho kitu chake cha mwisho hapa. Akishaichukua, hana sababu ya kupanda ngazi zetu tena. Basi siku hiyo atakuta sebuleni samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wazima, wanaogelea. Mwaka fulani tulipokwenda kwenye bustani ya wanyama alisimama mbele ya samaki hao saa nzima, mimi nimemshikia koti namhimiza twende. Nataka arudi. Nimeandika mara moja, sitarudia.

Joto 25. Chumvi bado.

Jumanne, 5 Novemba
Mvua. Kibao cha zamu kimening'inia mlangoni kwangu, maana yake wiki hii ngazi ni zangu. Tuko familia tano katika jengo hili, na anayefagia ipasavyo ni mmoja. Bi Mögle wa chini, mwenye miaka themanini na miwili na macho ya mwewe, alipita akatazama pembe za vidato akakosa la kusema. Ilimuuma.

Jumamosi, 9 Novemba
Mawe yamefika. Binti anayaita mawe hai, ati yanatoka baharini na wakazi wake ndani. Yalikuja yamefungwa kwenye gazeti lililolowa, yananuka uvundo wa samaki wa juzi, yana ndevu na ute na vidubwasha vinavyotambaa. Uchafu huo hauingii nyumbani kwangu hata kwa barua ya serikali. Nimeyatia kwenye sinki, maji ya moto, siki, brashi ya viazi. Nilisugua kwa muda wa saa mbili na nusu. Sasa ni meupe pe.

Binti alitaka pia nibebe madumu ya maji aliyoyachuja yeye. Kubeba maji, katika mji ambao bomba linatoa maji matamu hivi! Nimetia ya bomba na chumvi ya paketi. Duniani wapo watu wa kuuziwa chochote, lakini mimi simo.

Jumatano, 13 Novemba
Maji yamekuwa meupe kama uji wa mtoto na yananuka. Bi Mögle alibisha kuuliza kama kuna mtu amekufa. Nilimwambia bado.

Nilikwenda dukani kudai haki yangu. Duka lenyewe liko nyuma ya stesheni, lina giza, vyombo vimerundikana, sakafu imelowa, na binti, jina lake Derya Aksu, alikuwa ameingiza mkono mzima kwenye tangi huku anatafuna mkate. Nilimweleza kwamba bidhaa yake ni mbovu.

"Mawe uliyafanya nini?" akauliza.

"Niliyaosha."

"Kwa maji ya chumvi?"

"Ya moto. Na siki."

Akautoa mkono majini polepole. "Bwana Kimmich, waliokuwa ndani ya yale mawe ndio wangekusafishia maji. Umeajiri wafanyakazi, ukawachemsha, halafu umekuja kuniuliza kwa nini kazi haijafanyika."

Wateja wawili walicheka. Nilirudi nyumbani na mawe mengine na madumu manne madogo ya maji yake, kwa miguu, mvua inanipiga. Ameniapisha nisiyaguse. Wiki sita, anasema, hata samaki mmoja asiingie, mpaka maji yaive. Yaive! Kama vile ni maembe.

Jumapili, 17 Novemba
Hakuna kitu. Natazama mawe.

Jumatano, 20 Novemba
Natazama mawe. Kuna watu wanaita hili burudani.

Jumatano, 27 Novemba
Ukungu umefunika mto, huoni ng'ambo. Ndani nako balaa: utando wa kahawia umetanda kwenye kioo, kwenye mchanga, kwenye mawe, kila mahali. Nimeufuta.

Alhamisi, 28 Novemba
Umerudi. Nimeufuta.

Ijumaa, 29 Novemba
Umerudi. Nimeufuta, nikauchota na mchanga wa juu nikauosha.

Jumapili, 1 Desemba
Hiltrud alikuwa akioka biskuti za Krismasi kuanzia wiki hii, aina kumi na moja, unga hadi kwenye nywele. Nilikuwa nikimfuata nyuma na kitambaa. Mwaka huu jiko langu linang'aa kama chumba cha upasuaji. Utando umerudi, nimeufuta.

Ijumaa, 6 Desemba
Derya Aksu anasema acha kufuta. Anasema kila nikifuta naanza upya, kwamba utando ni hatua, utakuja, utakula chakula chake, utaondoka wenyewe. Nilimuuliza kama hata uchafu wa ngazi huondoka wenyewe. Akasema kwao, kwa mama yake huko Göppingen, hakuna anayefuta ngazi saa ya chakula. Hilo sijui lilihusu nini. Ana dharau ya watu wasiowahi kupimwa kazi yao.

Nimekaa nikahesabu majuma. Kwa mwendo wake huu Hiltrud atakuja kutazama boksi la kinyesi.

Jumamosi, 14 Desemba
Nimemaliza ngazi asubuhi, zamu yangu tena. Kisha nilipanda basi hadi lile duka kubwa la kando ya barabara kuu, lenye taa na vigae safi. Pale mtu hahutubiwi. Kijana mwenye fulana ya duka alinipa chupa ya dawa ya kuivisha maji, akasema unamimina, siku hiyohiyo unaweka samaki, haina shida mzee. Nimewanunua wawili. Wa machungwa, mistari myeupe, mmoja mkubwa kidogo. Wako ndani. Wanaogelea. Nimevuta kiti nimekaa nao tangu saa nane hadi giza lilipoingia, sikuwasha hata redio.

Wiki sita! Huyo binti anawaweka watu roho juu ili waendelee kupanda ngazi za duka lake. Mkubwa nimemwita Kaiser. Mdogo sijampa jina.

Joto 25. Chumvi sawa. Kipimo: kizuri.

Jumapili, 15 Desemba
Theluji ya kwanza, na mabwana wa mji tayari wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Mdogo hali. Kipimo: kizuri.

Jumanne, 17 Desemba
Lazima niandike hili lote.

Jana Kaiser alikaa juu karibu na uso wa maji, mashavu yanapanda na kushuka upesi upesi, kama mtu aliyekimbia ngazi nne. Mdogo alilala pembeni. Nilijiambia wanazoea mahali. Asubuhi hii mdogo alikuwa amebandika ubavu kwenye chujio, amekufa, rangi imempauka. Nilimtoa kwa kijiko cha supu. Alikuwa mwepesi sana. Nilisimama naye jikoni, sikujua kitu kama hicho kinatupwa wapi. Kwenye takataka za jikoni sikuweza.

Na sasa jambo lenyewe. Jumamosi kipimo hakikuwa kizuri. Matone yaligeuka kijani kibichi papo hapo, maana yake maji yana sumu. Niliona. Nilikishika dirishani nikaona, nikaandika "kizuri". Jumapili vilevile. Miaka arobaini na moja nilikuwa nikiwafukuza watu kwenye meza yangu kwa kosa hilo. Kulikuwa na fundi anaitwa Siegbert, ana watoto watatu, aliandika kipimo cha uongo siku moja kwa sababu alichelewa, nami nilimpeleka kwa mkurugenzi na barua mkononi, sikulala vibaya hata siku moja. Leo nimeua kiumbe ili daftari liwe safi. Mtu wa namna hiyo nilikuwa namwita takataka. Sioni kwa nini nibadilishe neno.

Kaiser nilimtia kwenye sufuria ya supu, nikaifunika, nikaifunga taulo nikakimbia nayo hadi nyuma ya stesheni. Watu walinipisha. Theluji inateleza, mimi na sufuria kifuani, sina kofia.

Derya aliifunua sufuria. Alimtia kwenye maji yake kidogokidogo, kikombe baada ya kikombe, saa nzima, na wateja akawaambia wangoje. Nilikaa kwenye dumu. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Badala yake akauliza, "Ilikuwa haraka ya nini?"

Nikamwambia. Hiltrud, mkate, sahani, cherehani, tarehe 22 Februari. Sikuwahi kumwambia mtu. Huwezi kuamini mahali niliposemea, juu ya dumu, mbele ya mzee mmoja aliyekuja kununua konokono.

Derya aliufuta mkono kwenye suruali. "Bwana Kimmich, samaki siuzi kwa ajili ya kumrudisha mke wa mtu. Huyu ni samaki tu, hakukosa kitu. Akipona, anakaa hapa mpaka maji yako yaive. Si mpaka tarehe yako ifike."

Nilisema sawa. Nilisema na asante, kwa sauti ndogo, lakini alisikia.

Jumanne, 24 Desemba
Dengu na tambi. Peke yangu. Bi Mögle aliacha mlangoni sahani ya biskuti zimefunikwa karatasi. Ngumu kama kokoto, nimezila zote.

Jumamosi, 4 Januari
Derya amenipa jiwe kutoka tangi lake mwenyewe, la miaka tisa. Limefunikwa gamba la zambarau, na chini kuna kishimo. Amenipa na konokono sita. Nimelibeba kama yai. Ameniuliza kitambaa changu cha kufutia kiko wapi, nikasema jikoni. Akasema kipeleke mbali. Nimekifungia kabatini stoo, chini kabisa kwenye ghala la jengo, na ufunguo nimempa Bi Mögle. Aliupokea kama mtu anayekabidhiwa bunduki ya mlevi.

Jumatano, 8 Januari
Utando umerudi. Sijaufuta.

Alhamisi, 9 Januari
Mbaya zaidi. Sijaufuta. Mikono nimeikalia.

Jumapili, 12 Januari
Sasa umeota na nywele za kijani. Tangi linaonekana kama bafu la wanafunzi. Nimekwenda kwa Bi Mögle kuomba ufunguo. Alinitazama kupitia mnyororo wa mlango akasema, "Uliniambia nisikupe hata ukilia." Sikuwa nikilia. Mjinga.

Ijumaa, 17 Januari
Ngazi nimefagia, zamu yangu. Theluji inageuka tope, kila mtu anapanda na viatu vyake. Konokono wamekula njia kwenye kioo, mistari safi inayopinda huku na huku, hakuna hata mmoja ulionyooka. Kazi ovyo kabisa. Nimewatazama mpaka chakula kikaungua.

Jumamosi, 25 Januari
Kuna kitu kwenye kishimo cha lile jiwe. Nilipowasha taa kilipotea.

Jumapili, 26 Januari
Ni unyoya. Mdogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, zambarau na nyeupe, umefunguka kama mwavuli. Nikisogea tu, unaingia ndani. Inabidi ukae bila kutikisika karibu dakika ishirini ndipo utoke tena.

Jumatatu, 27 Januari
Derya anasema ni mnyoo, anajijengea kibomba na kuishi humo, ule unyoya ndio mdomo wake. Hauzwi, hanunuliwi, huja akipenda na mahali akipapenda. Nilimuuliza kama kwenye mawe yangu ya kwanza walikuwamo. Alifikiri kidogo, nadhani alitaka kunidanganya kwa huruma, kisha akasema ndiyo, wengi.

Jumatano, 5 Februari
Unyoya umetoka saa nne asubuhi. Tena saa tisa.

Jumapili, 16 Februari
Konokono mmoja amefia nyuma ya mawe, nilichelewa kumwona. Kipimo: si kizuri. Kijani hafifu. Naandika nilichokiona.

Alhamisi, 20 Februari
Kaiser amenenepa. Nimemwona kwa Derya, anafukuza samaki mara mbili yake. Derya alijua siku zimebaki mbili. Alitazama daftari langu, akaona kile kijani hafifu, akalifunga, kisha akasema, "Mchukue ukitaka. Sumu ni kidogo, huenda asidhurike. Mke wako atamwona."

Huyu ndiye aliyeniambia samaki si wa kumrudisha mke. Kumbe hata yeye ana moyo wa kulegea. Nilimtazama Kaiser. Niliona sebule yangu, taa, yeye katikati, na Hiltrud amesimama na koti lake. Niliona na kile kijiko cha supu.

"Muache," nikasema. "Maji hayajaiva."

Alicheka hadi pete ikatikisika. Kufika nyumbani nilitaka kujipiga kofi. Mtu mwenye akili timamu angemchukua.

Jumamosi, 22 Februari
Kibao cha zamu kiko mlangoni kwangu tangu Jumatatu, na leo, siku ya kufagia, sikufagia. Nilikaa kungoja unyoya utoke ili nijue saa zake, nikasahau. Miaka thelathini katika jengo hili, mara ya kwanza. Bi Mögle alibisha saa tatu. Alidhani nimeanguka bafuni.

Walifika saa nne. Volkmar mbele, kama kawaida yake, mtu wa kupumua kwa mdomo na kueleza barabara aliyopita ambayo hakuna aliyeiuliza. Hiltrud nyuma. Amepunguza nywele. Alisimama mlangoni akakitazama kibao, akageuka akazitazama ngazi, tope, majani, na alama za viatu vya watu watano.

"Unaumwa?" akauliza.

"Hapana."

Aliingia sebuleni na koti lake mwilini. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa tangu Novemba, ina samaki ndani yake. Sikuwa na samaki. Nilikuwa na boksi la kioo lenye ukungu wa kijani, konokono watano na mawe.

"Hakuna kitu?" akasema.

"Samaki bado. Maji hayajawa tayari. Mmoja alikufa kwa haraka yangu, mwingine anatunzwa dukani."

Alisogea. Kioo cha mbele kina utando ambao konokono hawajaufikia, huoni ndani vizuri. Alivuta mkono wa koti hadi kwenye kiganja na kuuinua ili afute, jambo alilojifunza kwangu, miaka thelathini na minane.

"Usifute," nikasema.

Mkono ulibaki hewani. Alinigeukia. Hajawahi kunitazama hivyo, hata siku ya harusi.

"Kuna anayeishi mle, kwenye kishimo cha jiwe la zambarau," nikasema. "Volkmar amemtisha kwa viatu vyake. Ukikaa kimya atatoka. Dakika ishirini."

Volkmar alisema dakika ishirini hana, ameegesha vibaya. Hiltrud alimwambia abebe cherehani, ashuke nayo, angoje kwenye gari. Akavuta kiti hadi ubavuni mwa tangi, pale konokono walipokula njia. Akatoa kwenye mfuko mkate wa kusokotwa aliouoka kwa dada yake, akaumega, akanipa kipande. Tukala bila sahani, tukitazama jiwe. Nilikuwa na mengi ya kusema, yote niliyameza na mkate.

Ulipotoka ule unyoya alishika mkono wangu wa koti, si mkono wenyewe, kitambaa tu. Chini Volkmar alipiga honi, unyoya ukaingia, naye Hiltrud akalitaja jina la Volkmar kwa namna ambayo nimelitaja mimi miaka yote.

Aliondoka. Cherehani imekwenda, pale ilipokuwa pana alama nne za miguu kwenye zulia. Nitaandika ukweli, hakusema atarudi. Akiwa mlangoni aliuliza, "Huyo wa dukani anakuja lini?"

"Kipimo kikiwa safi. Labda tarehe mosi Machi. Labda baadaye."

"Utaniandikia kitakavyokuwa? Kitakavyokuwa kweli?"

Nikasema nitaandika. Alishuka ngazi taratibu, akikanyaga majani.

Jumapili, 23 Februari
Ngazi nimezifagia, bora kuchelewa. Bi Mögle ameniletea ufunguo wa kabati la stoo, anasema mgeni ameshakuja na kuondoka na yeye si benki. Nilimwambia akae nao.

Kipimo: kijani hafifu sana. Si kizuri bado.

Makombo ya Hiltrud yako mezani, upande wake, karibu na ukingo. Sijayapangusa.

Jumatatu, 24 Februari
Unyoya saa nne na robo. Makombo yapo.